Betri mbovu ikishatoka langoni

Mkulima wa Dundori, hapa Nakuru, akiuza betri iliyokufa, iwe ya pikapu ya kubebea viazi au ya sola ya nyumbani, huhesabu pesa zake na kuona mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri hiyo ni risasi, na risasi ndiyo inayotafutwa na mnunuzi wa vyuma kuukuu. Kasha hupasuliwa kwa shoka, asidi ikamwagwa mtaroni, na risasi ikapelekwa kuyeyushwa.

Inayeyushwa wapi? Waulizwe watu wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri. Kiwanda kilianza mwaka wa 2007, na wengi walifurahia ajira. Vumbi la risasi lilitua juu ya mabati, mvua ikaliteremsha kwenye maji ya kunywa, na wafanyakazi wakalibeba nyumbani ndani ya nguo zao. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa humo. Mwanawe aliyekuwa angali ananyonya aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Mama huyo aliacha kazi, akawakusanya majirani, akakamatwa, na hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014.

Kufunga lango hakukuiondoa sumu. Risasi haiozi. Hukaa udongoni, na mwilini hujificha mifupani kwa miaka mingi. Mtoto huifyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, kisha ubongo wake ndio unaolipa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama. Mwaka wa 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka wa 2023, na Mahakama ya Upeo ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipoanza alikuwa ameshatimiza miaka 17.

Wala si lazima pawe na kiwanda. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watu walikuwa wakipasua betri vichochoroni na kuchekecha mchanga ili waokote vipande vya risasi. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008 walikufa watoto 18. Hilo ndilo linalonitia hofu kuhusu kila ua ambapo betri inapasuliwa na watoto wanacheza. Na kwetu asidi ikiingia mtaroni, maji ya miteremko ya Bahati huelekea Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kuyatoa.

Ujerumani wameliwekea jambo la betri kuukuu bei. Anayenunua betri mpya ya gari bila kurudisha kuukuu hutozwa amana ya yuro 7.50, na hurejeshewa anapoileta ile mbovu. Kenya nayo ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtwika anayetengeneza au kuingiza bidhaa jukumu la kuifuata hadi inapokuwa taka. Basi wenye maduka ya betri wa Dundori na Lanet waanze kupokea kuukuu na kupunguza bei ya mpya. Nawe mkulima, hadi hapo, iweke betri nzima, imesimama, mbali na watoto, na usimuuzie mtu aliyekuja na shoka.