Kauli Njema ni Sehemu ya Tiba

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, nyimbo, vinyago na mavazi. Huo ni utamaduni kweli. Lakini utamaduni wa watu hupimwa pia kwa jinsi wanavyompokea yule asiye na uwezo wa kuwadai chochote. Mahali pamoja pa kupimia jambo hilo ni hospitalini, katika sehemu ya wagonjwa wa nje, ambapo umati wa watu hufika asubuhi, hutibiwa, kisha hurejea makwao. Swali tunalokusudia kulijadili ni hili: je, kauli njema ya mtumishi wa hospitali ni hisani anayoweza kuitoa au kuinyima apendavyo, au ni haki ya mgonjwa na sehemu ya tiba yenyewe?

Na tuangalie jiji la Arusha na vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wagonjwa wanaofika katika Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, na katika vituo vya afya na zahanati za pande hizo, hutoka sehemu nyingi. Wako Wameru wa Akheri na Poli, Waarusha wa Ngaramtoni na Oldonyo Sambu, wafugaji wa Kimaasai wa Monduli, pamoja na watu wa kila kabila waliohamia mjini kwa kazi na biashara. Kwa baadhi ya wazee, Kiswahili ni lugha ya sokoni. Maumivu yao wanayajua kwa Kimeru au Kimaasai. Mzee wa namna hiyo ameamka kabla ya mapambazuko, amewaachia majirani mifugo na wajukuu, ameteremka kwa miguu hadi barabara kuu na kungoja gari. Akifika dirishani pa kuandikishwa, neno la kwanza analoambiwa humjulisha kama amefika kwa watu wake au kwa wageni.

Jamii zetu hazikosi adabu ya mapokezi. Kwa Waarusha na Wamaasai mtoto huinamisha kichwa mbele ya mkubwa wake ili aguswe kwa mkono, na ndiyo salamu. Katika lugha yetu ya taifa tunayo shikamoo, na mkubwa akiisha kuitika marahaba, mdogo anajua kwamba amepokewa. Mgeni anayebisha hodi nyumbani kwetu haulizwi shida yake kabla ya kusalimiwa na kupewa mahali pa kuketi. Basi ni jambo la kushangaza kwamba kijana aliyelelewa hivyo, akiisha kuvaa sare ya kazi, aweze kumwita kwa kidole bibi anayelingana na nyanya yake, au kumkaripia mbele ya watu kwa sababu hakusikia jina lake lilipoitwa.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumlaumu mgonjwa aliyeficha maradhi yake hadi yakamzidi. Lakini hatuna budi kuuliza: ni nani aliyemfundisha kuficha? Mama anayeulizwa kwa sauti kuu habari za ugonjwa wa siri, mbele ya benchi lililojaa watu, atajibu kwamba anaumwa kichwa. Daktari naye hana jicho la kuona yote yaliyo mwilini. Sehemu kubwa ya elimu yake huanzia katika maelezo ya mgonjwa. Karipio hufupisha maelezo. Maelezo mafupi hupotosha uchunguzi. Na uchunguzi uliopotoka huzaa dawa isiyofaa. Hapo ndipo tunapoona kwamba heshima ni chombo cha kazi kama kipimo cha homa.

Zaidi ya hayo, yako maradhi yasiyotibiwa kwa siku moja. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Mwenye shinikizo la damu aghalabu hutumia dawa maisha yake yote. Mgonjwa aliyeaibishwa katika mwezi wa pili huenda asionekane katika mwezi wa tatu. Viini vya kifua kikuu havisubiri apoe hasira. Vinaweza kujenga usugu dhidi ya dawa, na vikawafikia watoto anaolala nao chumba kimoja. Neno moja la dharau laweza kuwadhuru hata wasiokuwapo liliposemwa.

Baadhi ya watu hujibu kwamba watumishi ni wachache, wagonjwa ni wengi, na aliyechoka hawezi kutabasamu. Hoja hii ina uzito, wala hatupaswi kuidharau. Muuguzi hastahili matusi ya wagonjwa wala ya wakubwa wake, na tabasamu halijazi kabati lisilo na dawa. Wenye mamlaka wanapaswa kumpunguzia mzigo. Hata hivyo, salamu haichukui muda mrefu kuliko karipio, na kumweleza mtu kwamba atasubiri, na kwa nini, hakuhitaji dawa wala mashine.

Wengine husema kwamba siku hizi mgonjwa ni mteja, kwani tangu mwaka 1993 utaratibu wa kuchangia gharama ulianza kuingizwa katika hospitali za serikali; basi anayelipa aheshimiwe. Tunaikubali heshima, lakini sababu hiyo twaikataa. Sera ya nchi huwasamehe malipo watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wasiojiweza. Kama heshima hununuliwa, hawa watakuwa wa mwisho kuipata, ilhali ndio wanaoihitaji zaidi. Mtu huheshimiwa kwa utu wake.

Tukumbuke pia kwamba Arusha ndipo lilipotangazwa Azimio la mwaka 1967, lililohimiza usawa wa binadamu. Miaka minne baadaye Mwongozo wa TANU wa 1971, katika kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi na dharau, na wafanyakazi wa viwandani walikitumia kifungu hicho kuwapinga mameneja waliowanyanyasa. TANU haipo tena tangu 1977, lakini fikira hiyo haijachakaa. Tukisikia neno kiongozi huwaza wakubwa wa ofisini. Lakini mbele ya mgonjwa anayetetemeka kwa homa, karani mwenye kalamu dirishani naye ni mkubwa, na cheo chake ni dhamana.

Tabia hiyo haianzii hospitalini. Wauguzi, makarani na madaktari wa kesho wamo madarasani leo. Mwanafunzi anayejibiwa kwa dharau kwa kuwa ameuliza mara ya pili hujifunza mambo mawili: kunyamaza anapokuwa mnyonge, na kudharau zamu yake ya ukubwa inapofika. Anayejibiwa kwa subira hujifunza jambo moja tu, nalo latosha kumfaa dirishani, wodini na popote atakapotumwa na taifa lake.