Mbegu za Maharage

Kwaresima iliyopita katekista wetu hapa Kibondo aliliweka kando somo la jumuiya akatuuliza: siku gani katika maisha yako unaionea fahari kuliko zote? Watu wakatazamana. Sisi Wakatoliki wa rika langu tulifundishwa tungali wadogo kwamba majivuno ndiyo yanayoongoza mizizi ya dhambi. Sasa mtu anaambiwa asimame mbele ya msalaba na mshumaa unaowaka, ajisifu?

Baadaye walisema. Mzee mmoja, aliyepelekwa Tanga ujanani kukata mkonge kama vijana wengi wa Kiha waliokuwa manamba, alitaja mwaka 1975, alipofanya mtihani wa kisomo cha watu wazima. Miaka yote ya mkonge alipokea mshahara kwa dole gumba. Siku ile akaandika jina lake, na alipotueleza alilichora hewani kwa kidole, herufi baada ya herufi, nasi tukamngoja amalize. Mama mwingine alitaja mwanawe kuhitimu ualimu Kasulu. Mwingine nyumba ya bati. Ikafika zamu ya jirani yangu, bibi aliyenizidi miaka michache. Alitaja harusi ya binti yake, jinsi alivyoingizwa ukumbini kwa vigelegele na kuvishwa khanga mpya. Akaketi.

Mimi nilikuwa nangoja ataje siku nyingine. Tangu hapo sijaacha kuliwaza jambo hilo, na ndilo linalonifanya niandike.

Nilikuwa mkunga kwenye zahanati moja upande wa Mabamba, si mbali na mpaka, mwaka 1993. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, aliyechaguliwa miezi michache tu kabla ya hapo, aliuawa na wanajeshi, na nchi ikawaka. Warundi walimiminika kwa mamia ya maelfu, wengine Rwanda, wengine Zaire, wengine kwetu Kibondo, Kasulu na Ngara. Leo mtu akisikia neno mkimbizi anaona maturubai, malori ya mgawo, na foleni. Siku za mwanzo hayakuwapo hayo. Zilikuwapo nyumba za watu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo aliyebisha hodi usiku alieleweka kabla hujawasha taa.

Usiku mmoja wa mvua niliitwa nyumbani kwa jirani yangu huyu. Uchungu ulikuwa umemshika mwanamke njiani, akaingia nyumba ya kwanza aliyoiona. Nilimkuta kwenye mkeka wa mwenye nyumba, njia imeshafunguka, na sebuleni wamelala wageni wengine hata pa kukanyaga hapakuwa. Mtoto alitoka salama. Kondo la nyuma likagoma. Wakunga wanajua dakika zile: unamsaidia mama akojoe, unamweka mtoto kwenye ziwa ili tumbo la uzazi lijikaze, mkono wako uko pale chini ya kitovu, unasubiri, na jicho lako haliondoki kwenye damu. Jirani yangu alishika kandili muda wote ule na mkono haukutikisika.

Kondo lilipotoka, akaniachia kandili akaenda jikoni. Nilimwona ameinamia beseni akiosha maharage, na maji yakawa ya kijivu. Akayamwaga, akatia mengine, nayo yakawa ya kijivu. Kwetu maharage ya kula hayapakwi majivu. Yanayopakwa ni ya mbegu, ili yasibunguliwe hadi mvua inyeshe. Na mvua ilikuwa inanyesha.

Nikamwambia, "Dada, hizo si mbegu?"

Akanijibu, "Nesi, mzazi hanywi maji matupu."

Alizipika zote, kwa sababu huwezi kumlisha mzazi peke yake wengine wakiwa wanatazama. Msimu ule alilima vibarua kwenye mashamba ya watu ili alipwe mbegu, akapanda kwa kuchelewa. Sikumsikia akilalamika, wala sikumsikia akisimulia.

Swali langu sasa ni hili. Je, siku ile ilikuwa kuu katika maisha yake, hali yeye mwenyewe hakuitaja?

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika ya Kaskazini, aliona majivuno kuwa ndiyo mwanzo wa dhambi zote. Karne nyingi baadaye Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba ukuu wa moyo na unyenyekevu havigombani: mmoja unatazama vipaji alivyokupa Mungu, mwingine unatazama upungufu wako mwenyewe. Na mganga msaidizi niliyefanya naye kazi Kasulu, Mwislamu wa Ujiji, aliwahi kunieleza fundisho la Imamu Ghazali, kwamba ubaya wa kujiona ni kuitukuza neema uliyo nayo huku umemsahau aliyeitoa. Wote watatu wananifaa, na mkunga anawaelewa haraka, maana nimewapokea watoto wa watu maisha yangu yote na sikumuumba hata mmoja. Lakini wote wanazungumza na mwenye tendo. Wanamwambia yeye ajitazameje. Jirani yangu hakuhitaji kuambiwa. Hakuwa anaficha wema wake kwa unyenyekevu. Kwake halikuwa tendo. Ulikuwa usiku ambao watu walikuja na wakala.

Naamini siku iliyo kuu kweli mara nyingi haimo katika hesabu ya mwenyewe. Harusi anaikumbuka kwa sababu siku hiyo yeye ndiye aliyetazamwa. Usiku ule yeye ndiye aliyekuwa akitazama: damu, kandili, sufuria. Mtu aliyejisahau atajikumbukaje? Siku ya namna hiyo inabaki kwa aliyekuwa pembeni.

Wapo watakaosema niiache ibaki kwa Mungu. Tumefundishwa kutoa kwa siri, na Baba aonaye sirini ndiye mlipaji. Nakubali, tena kwa moyo wote. Ila amri ile imemfunga mtoaji. Mimi niliyeona haikunifunga. Nikinyamaza, sitakuwa nimelinda thawabu yake. Nitakuwa nimewanyima wajukuu zake.

Maana wajukuu hao wamekua na habari nyingine. Kambi zilikuja, nyingine zikafungwa: Mtabila ilifungwa mwaka 2012, Nyarugusu imekuwapo Kasulu tangu Wakongomani walipoingia mwaka 1996, Nduta yetu ikafunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia upya. Pamoja nazo yalikuja maneno ya kuni kuisha, ya ujambazi barabarani, ya mgawo ambao mwanakijiji haupati. Mengi ya maneno hayo yana ukweli, siyapuuzi. Lakini kijana wa Kibondo anayejua hayo tu anadhani bibi yake aliwapokea wageni kwa kuamriwa na serikali. Hajui kwamba yalikuwapo majuma ambayo kambi ilikuwa mkeka wa bibi yake.

Desturi yetu ni kungoja msiba. Wasifu wa marehemu unaandikwa usiku mmoja na mpwa mwenye mwandiko mzuri: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, ameacha watoto kadhaa, aliugua, akapelekwa hospitali fulani. Nimesikiliza nyingi mno. Ugonjwa unapewa aya nzima, na mbegu za maharage hazimo, kwa sababu mpwa hakuwapo na aliyekuwapo amekaa nyuma chini ya turubai analia. Sioni kwa nini Mkristo amnyime jirani yake sifa ya haki akiwa na masikio ya kuisikia.

Kwa hiyo Jumatano iliyofuata niliomba nafasi nikausimulia usiku ule mbele ya jirani yangu, kama nilivyouandika hapa, na majivu yake. Wajukuu wawili waliokuwa wamekuja kumsindikiza waliacha simu zao. Bibi alinisikiliza amekunja uso.

"Nesi, umesahau," akasema. "Chumvi haikuwa yangu. Chumvi alileta mke wa mwalimu, na yeye kwake walilala wengi kuliko kwangu. Mbona humtaji?"

Sikujua habari ya chumvi. Mke wa mwalimu alikwisha fariki, na katika wasifu wake, niliousikia kwa masikio yangu, haikutajwa. Mzee wa mkonge akadakia kwamba mume wa marehemu ndiye aliyevunja uzio wa shule ili watu wapate kuni kavu, akagombezwa. Mama mwingine akakumbuka aliyetoa banda la mbuzi. Katekista alifunga kitabu chake cha masomo, akamwomba mjukuu mmoja daftari, akaanza kuandika majina, akiuliza kila jina lilikuwa la nyumba ipi na ni nani aliyeona.