Riziki ya Ng'ambo na Haki ya Wazazi

Kijana wa Chome huko Upare, Tanzania, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, akipata kazi Muscat au Dubai, swali la kwanza nyumbani huwa mshahara. Lililo zito zaidi ni la imani: je, anaruhusiwa kuwaacha wazazi?

Biblia inayosomwa Upare, ambako Waadventista walifika mwaka 1903, haitoi jibu jepesi. Elimeleki aliikimbia njaa ya Bethlehemu akafia Moabu. Lakini kwa safari hiyo Ruthu, mkwewe Mmoabu, aliingia katika ukoo wa Daudi. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Katika Marko 7, Yesu anawakemea waliowanyima wazazi kwa kisingizio cha sadaka.

Fedha ya ng'ambo hulipa ada, huezeka bati na kununua dawa. Lakini ndiva, bwawa la jadi la Wapare linalokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani, huzolewa tope kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kwa majembe ya watu waliopo.

Msafiri naye hulipa. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilieleza jinsi wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania huko Oman na Falme za Kiarabu walivyonyang'anywa pasipoti na kunyimwa mishahara.

Kwenda si dhambi. Ila kijana ausome mkataba kabla ya kuondoka, na akubaliane na ndugu zake nani atamuuguza mama. Wazazi nao wasimpigie simu kwa shida ya pesa tu.