Deni la Aliyepita

Katika wilaya ya Magu, mashariki ya Mwanza, kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke, anayeshuka kilimani hukutana na anayepanda, na kabla hawajapishana mmoja humuuliza mwenziwe habari za njia. Jibu halibadiliki: njema. Kwanza sharti itamkwe hiyo "njema", ndipo baadaye, kwa sauti ya chini, ifuate "ila". Mgeni huuona huo kuwa uwongo wa adabu. Mwenyeji anajua kwamba habari yote imo ndani ya "ila", na asiyengoja kuisikia amejipunja mwenyewe. Lakini je, aliyepita akiishia kwenye "njema" na kwenda zake, amebaki na deni gani kwa aliyemwacha nyuma?

Swali hili si la mchezo katika nchi ya namna ile. Vilima vya Usukuma vimevikwa vichwani mawe makubwa ya matale. Chini ya mawe upo udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Ukishuka zaidi ni itogolo, ardhi iliyoshikana isiyokubali kunywa maji. Na bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Utaratibu kama huo hujirudia kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, milimani Usambara, aliupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wakulima wa Kisukuma walikwisha kuipa kila pingili jina lake.

Mvua ya vuli ikinyesha usiku mmoja tu, mnyororo huo hukatika vipande. Kwenye luseni mchanga hukaza, na kutembea huwa raha kuliko wakati wa kiangazi. Kwenye itogolo maji husimama juu kama yaliyomwagwa siniani, na mguu huteleza. Mbuga, ambayo kabla ya mvua ilikuwa na nyufa za kumeza fimbo, sasa hunasa unyayo na kuuongezea uzito kila hatua, mpaka mtu akavua viatu na kuvibeba mkononi. Basi aliyetoka juu akisema "njema" hakusema uwongo. Wala hakusema uwongo aliyetoka bondeni na tope jeusi magotini, akasema hapapitiki. Kila mmoja ameshuhudia pingili yake, kisha akaipa jina la njia nzima.

Watu wengi hudhani kwamba wa pili ana udhuru kuliko wa kwanza, kwa kuwa anayetisha walau hamtumbukizi mtu. Dhana hii haina msingi. Mwanamke mwenye tenga la nyanya aliyerudishwa nyumbani siku ya gulio kwa neno moja la "hapapitiki" amepoteza nyanya zake, na aliyemwambia hatazilipa.

Msomaji wa visiwani huenda akalielewa jambo hili kwa njia ya bahari. Hapana mvuvi wa Unguja asemaye kwamba mahali fulani panavukika kwa miguu bila kutaja maji: ni bamvua au ni maji mafu, yanajaa au yanapwa. Neno lisilo na saa yake, pwani, si habari. Bara mvua haina ratiba ya kupwa na kujaa, na pengine ndiyo sababu watu husahau kwamba njia nayo ina saa. Deni la aliyepita, basi, halilipwi kwa kusema kweli peke yake. Lazima aseme na mpaka wa kweli hiyo: amepita wapi, lini, na amebeba nini.

Ghuba ile yenyewe ina jina la mtu aliyelaumiwa kwa jambo hili. John Hanning Speke aliliona ziwa kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1858, karibu na Mwanza, akatangaza kwamba amepata chimbuko la Nile. Alikuwa ameona ncha ya kusini tu. Richard Burton, aliyebaki Kazeh, yaani Tabora, alimkatalia, na ubishi wao haukwisha mpaka Speke alipofariki kwa risasi ya bunduki yake mwaka 1864. Wakati ulithibitisha kwamba Speke alisema kweli. Hata hivyo, siku ile ya Agosti aliisema kweli ambayo miguu yake haijaifikia, na haki ya Burton kumdai ushahidi haifutwi na matokeo.

Kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, inayopita Magu mjini, madereva wana lugha yao ya kulipa deni hili. Gari likiharibika, hukatwa matawi mabichi yakalazwa barabarani, na wa nyuma akapunguza mwendo. Hapana onyo la heri kuliko hilo: limo mahali pake na kwa wakati wake. Tatizo ni mwisho wake. Gari huzuiwa lisirudi nyuma kwa mawe makubwa chini ya magurudumu, na likisha kutengenezwa dereva huwasha moto akaondoka. Jua likitua, matawi yamenyauka na kupeperushwa. Mwenye gari amekwisha kufika Lamadi, na mawe yangali barabarani.