Waya wa breki ya baiskeli



Leo nina habari za Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, mjukuu wa Simon Kimbangu, alikusanya waumini wa kanisa la babu yake huyo wajifunze muziki wa okestra. Violini zilikuwa chache kuliko watu. Mmoja anapiga dakika zake, anampa mwenzake, anakaa kusikiliza. Uzi ukikatika, walichomoa waya wa breki ya baiskeli, wakaufunga, wakaendelea. Hebu uwazie ule waya chini ya vidole vya mwanafunzi!

Mchana mtu yuko sokoni anatafuta chakula cha watoto. Jioni ndiyo mazoezi, na umeme nao hukatika upendavyo. Hata hivyo waliifikia Simfoni ya Tisa ya Beethoven, na filamu ya 2010, Kinshasa Symphony, ikawapeleka machoni pa dunia.

Mimi hunigusa zaidi yule anayengoja zamu. Kumsikiliza mwenzako akikosea kwenye chombo mnachogawana, usimcheke, usimnyang'anye, hiyo nayo ni kazi ya mwanamuziki. Wanakwaya wetu wa Bihambwe wanaijua, hasa wale wa sauti ya pili.