Ncha ya Uzi

Mtu akikuta kamba imelala njiani, hawezi kujua kwa kuitazama tu kama ncha yake ndipo msokotaji alipoanzia au ndipo kisu kilipopita. Shaka hiyo imewakabili wataalamu wa mimea katika uchunguzi wa kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani vya jani vinavyonasa nuru ya jua. Kloroplasti ina DNA yake yenyewe. Ile ya tumbaku, iliyosomwa yote mwaka 1986, ina jozi za herufi zaidi ya 155,000. Kutokana nayo hunakiliwa nyuzi za RNA, nazo hukatwa na kutafunwa hata jeni moja ikawa na nakala za urefu mbalimbali.

Kuisoma ncha si kazi ngumu tena. Kuiita chanzo ndiyo kazi. Maumbile yameacha alama: uzi uliotoka kunakiliwa hubeba fosfati tatu kichwani, na uliokatwa, aghalabu, hubeba moja. Basi wachunguzi hutia kimeng'enya kinachokula nyuzi zenye fosfati moja, kisha husoma zilizosalia na kuzilinganisha na fungu lisiloguswa. Kwa njia hii vyanzo vya nakala katika kloroplasti za shayiri vilichorewa ramani iliyotolewa mwaka 2012. Msomaji wa tenzi za kale ataielewa hila hii: desturi ya utenzi ni kuanza kwa kumtaja Mungu, na mswada usio na dibaji hushukiwa kuwa umepotewa na karatasi ya kwanza.

Walakini kimeng'enya huweza kushindwa na uzi uliojikunja, nao ukahesabiwa miongoni mwa vyanzo pasipo kustahili. Uzi huweza kukatika mikononi mwa mchunguzi. Hata kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA ili isomwe huweza kusita njiani, kikazua ncha ambayo jani halikuwa nayo kamwe. Wako wasemao kuwa kosa la chombo si kosa la mtu. Hoja hiyo haitoshi. Chombo kilichaguliwa, na tabia yake yajulikana. Na mwenzake atakayeiamini ramani atatafuta mwanzo wa jeni mahali usipokuwapo, apoteze miezi ya kazi. Anayenyamaza juu ya mkono wake mwenyewe hajasema uongo, lakini amemwachia mwingine deni la kulipa.

Tena swali lenyewe huweza kuwa finyu. Katika mahindi iko protini iitwayo PPR10, ambayo hushika RNA baina ya jeni mbili, atpI na atpH. Vimeng'enya vilavyo RNA huja kutoka upande huu na upande huu, vikaikuta protini, vikakoma. Kwa hiyo ncha ya nyuma ya nakala moja na ncha ya mbele ya nakala nyingine hupandana mahali pamoja, pale mlinzi aliposimama. Ncha hizo hazikuwekwa na mnakili, wala kisu peke yake hakikuzichagua. Jedwali lenye safu mbili tu, ya vyanzo na ya mikato, lisingekuwa na mahali pa kumwandika mlinzi huyo.