Hela za Nani

Julai 2018, Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ilipotua Dar es Salaam, mimi na mama tulikuwa Ifakara, tukiitazama kwenye televisheni ya jirani. Watu walishangilia. Mama ana ekari mbili za mpunga na hajawahi kupanda ndege. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hela za nani hizo?"

Jirani akajibu, "Zetu, mama."

"Haya."

Swali lile nimelibeba hadi kwenye masomo ya uzamili. Je, ni haki mtu alipie kitu ambacho hatakitumia?

Jibu la haraka ni kwamba anayeruka ajilipie. Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria ya kuiondoa serikali kwenye kupanga nauli na njia za ndege, mashirika yakaachiwa kushindana. Kwetu, Air Tanzania ilizaliwa 1977, East African Airways ilipokufa, na kwa miaka mingi ilikuwa karibu peke yake angani. Soko lilipofunguliwa akaja Precision Air, na mwaka 2012 Fastjet, yenye tiketi za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Kwa bei hiyo watu waliozoea basi walianza kuzungumzia ndege kama kitu chao. Tangu 2016 serikali ikarudi kununua ndege mpya. Fastjet ilikoma kuruka nchini mwishoni mwa 2018.

Ningeishia hapo, upande wa soko, kama nisingekulia Ifakara. Reli ya TAZARA inapita kwetu. Miaka ya 1960 Benki ya Dunia ilikataa kuifadhili, ikisema haitalipa. Ikajengwa kwa mkopo wa China, 1970 hadi 1975. Masika, barabara ya Kidatu ilipokuwa tope tupu, treni ndiyo iliyobeba magunia ya mama. Deni lile lilikuwa la nchi nzima, pamoja na mvuvi wa Ukerewe ambaye hajawahi kuiona TAZARA.

Basi nikajiambia: mvuvi alimlipia mama reli, mama anamlipia mvuvi ndege ya Mwanza. Hesabu hii ilinifurahisha kwa wiki mbili hivi. Kisha nikakumbuka kwamba mvuvi naye hapandi ndege. Tunaopanda ni watu wa semina na posho. Na kwa mujibu wa CAG, mwaka 2022/23 ATCL ilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64.

Mwaka jana mradi wa utafiti ulinikatia tiketi ya kwenda Mwanza. Ndege ya serikali, kiti cha dirishani, juisi, korosho. Nilifika kabla sijamaliza sura moja ya kitabu.

Jioni mama akapiga simu.

"Umefika, mwanangu? Basi halikuwasumbua njiani?"

"Halikutusumbua, mama."